Pikapu Mbili na Mteremko wa Kaberebere

Wewe unayenisikiliza, kama siku moja utasimama mbele ya magari mawili ya umeme ukaambiwa uchague, tulia kwanza. Sisi tulisimama hivyo hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, na nusura tuyakatae yote mawili bure. Nitakueleza polepole. Jambo lenyewe si gumu, ila macho huiona betri kabla ya kuiona njia.

Kikundi chetu ni cha wafugaji na wauza maziwa, wengi wetu kutoka Kivu Kusini. Kila asubuhi maziwa hukusanywa kwenye mikebe na kupelekwa Mbarara, kwenye kituo cha kuyapoza. Ni kama kilomita sitini kwenda na sitini kurudi. Kwa miaka mingi dereva wetu alikuwa kaka mkubwa wa mke wangu. Aliendesha malori kwenye milima ya kwetu kabla vita havijatutoa, na tulipofika huku, pikapu ya dizeli ya kikundi ndiyo iliyomfanya aitwe tena dereva. Hakuwa na ng'ombe wala shamba la maana. Alikuwa na usukani.

Injini ya pikapu hiyo ilipokufa kabisa, muuzaji mmoja wa Mbarara alikubali kutuachia pikapu mbili za umeme tuzijaribu, moja baada ya nyingine. Mwenyekiti wetu, mama ambaye sote tunamwita Mama Prezida, alisema waziwazi mbele ya watu: umeme ukishindwa, kikundi kitakodi lori la Mbarara, nalo huja na dereva wake. Shemeji alikuwa amekaa benchi la mbele. Alitazama mikono yake.

Mimi waliniita kwa sababu natengeneza betri za sola, na kabla ya hapo nilifundisha fizikia. Tulikwenda na Shemeji kuyaona magari. La kwanza lilikuwa kubwa, lenye betri ya yuniti tisini. La pili lilikuwa dogo, betri yake yuniti arobaini. Yuniti ni hizihizi unazonunua za umeme wa nyumbani, kwa hiyo usiogope.

"Sebo, bwana, hii kubwa inakwenda mbali sana," muuzaji alituambia. "Hii kadogo ni ya mjini tu."

Shemeji akanigusa bega. "Umesikia, shemeki? Bidoni kubwa njo inafikisha mutu."

Simlaumu. Hapa kambini maisha yetu yote yamepimwa kwa bidoni, yaani dumu: maji, mafuta ya kula, mafuta ya taa. Mwenye bidoni kubwa amefika. Na betri kweli ni bidoni. Lakini bidoni haikuambii mnywaji ana kiu kiasi gani, wala kisima kilichoko nyumbani kinatoa maji kiasi gani kwa siku.

Jumapili baada ya ibada tulikaa nje ya kanisa, nikajaribu kuwaeleza wenzangu.

"Mama," nikamwuliza Mama Prezida, "ukienda kununua ng'ombe, unaangalia ukubwa wa tumbo?"

"Tumbo la kufanya nini? Ninaangalia maziwa anatoa, na majani anakula."

"Basi na gari ni hivyo. Uliza linakwenda kilomita ngapi kwa yuniti moja."

Mzee mmoja aliyekuwa nyuma akainua mkono. "Mwalimu, sasa hiyo gari inakamuliwa fasi gani?"

Watu walicheka, nami nikacheka nao, kisha tukapiga hesabu kwa sauti. Gari kubwa lina mwili mzito, na betri yake peke yake ni mzigo linaoubeba kila mahali, hata mikebe ikiwa mitupu. Kwa njia yetu ya milima nilikadiria lingekwenda kilomita mbili na nusu kwa yuniti. Zidisha kwa tisini, unapata zaidi ya kilomita mia mbili. Dogo nililikadiria kilomita nne kwa yuniti. Zidisha kwa arobaini, unapata mia moja na sitini. Safari yetu ni mia moja na ishirini. Yote mawili yangetosha.

Tulianza na kubwa. Siku ya kwanza lilirudi likiwa na karibu nusu ya betri, na Shemeji akashuka akitembea kama bwana harusi. Lakini kila safari lilikula karibu yuniti hamsini, na sola ya kikundi, ambayo asubuhi husaga mahindi, mchana kutwa iliweza kulirudishia thelathini na kidogo tu. Kwa hiyo siku ya pili liliondoka na pungufu, siku ya tatu pungufu zaidi, na kabla ya juma kuisha Mama Prezida alitazama namba ya betri kwenye kioo cha gari akasema lirudishwe kwa mwenyewe. Bidoni ilikuwa kubwa kuliko kisima chetu.

Likaja dogo. Lilifikisha maziwa vizuri. Wakati wa kurudi, likiwa limebeba magunia ya pumba za ng'ombe, likazima kwenye mlima wa mwisho, mahali ambapo mabati ya nyumba zetu yanaonekana. Vijana wa bodaboda walisimama wakamzunguka Shemeji.

"Papa, leo umeme umekunywa nini?"

"Muachie apumuzishe, gari imechoka kuliko shoferi."

Walilisukuma, kwa kweli walisaidia, lakini walicheka mpaka nyumbani. Jioni ile mke wangu alimpelekea kaka yake chakula, akarudi nacho.

Nilikaa na hesabu yangu. Kilomita nne kwa yuniti zingemrudisha na robo ya betri. Yeye alikuwa amepata tatu tu. Hiyo moja ilikuwa imekwenda wapi? Magurudumu yalikuwa na upepo wa kutosha, na mzigo haukuzidi. Mama Prezida alikuwa tayari amempigia simu mwenye lori. Nikamwomba siku mbili zaidi, naye akanipa bila furaha.

Betri ilipojaa tena, nikapanda na Shemeji. Alikuwa akiendesha kwa utulivu, bila kukanyaga kwa pupa, tena akipita mashimo kama anayebeba mayai. Nikaanza kudhani nimekosea hesabu. Ndipo tukafika juu ya mteremko ulio karibu na Kaberebere. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kitufe cha gia, akaitoa, na gari likateleza chini huru, kimya, huku akigusagusa breki. Chini kabisa akairudisha gia. Mteremko uliofuata, vilevile. Harufu ya breki za moto ikaingia dirishani.

Ngoja nikueleze kilichokuwa kikitokea. Gari la umeme likiwa kwenye gia na wewe ukaondoa mguu, magurudumu ndiyo yanayoizungusha mota, na mota ikizungushwa hutoa umeme unaorudi kwenye betri. Haurudi wote ulioutumia kupanda, hilo halitokei, lakini sehemu nzuri hurudi. Ukitoa gia, magurudumu hayana tena kazi na mota. Mlima uliolipia kuupanda unaishia kuwa joto kwenye breki.

Nilijua sasa, na sikuweza kusema. Kwetu, kaka mkubwa wa mke wako humwambii ovyo kwamba amekosea, hasa kwenye kazi aliyoijua wewe ukiwa bado mtoto. Nikanyamaza mpaka maziwa yakashushwa. Kisha tulivuka mto Rwizi kwenda mtaa wa Nyamitanga kuchukua pumba, na wakati zinapakiwa tukakaa kunywa chai.

"Shemeki," nikamwambia, "nani alikufundisha kutoa gia mu muteremko?"

"Patron wangu wa kwanza, mwenye malori. Alikuwa anapima mazutu mu tanki kila jioni. Shoferi mwenye hajui kuteleza, anafukuzwa."

"Na ulikuwa unaokoa?"

"Mingi. Njo maana sikufukuzwa." Akaweka kikombe chini. "Mbona unaniuliza kama polisi?"

"Nataka unisaidie kitu. Tukirudi, muteremko wa kwanza fanya vile unafanyaka. Wa pili, acha gia fasi yake, toa tu muguu. Miye nitaangalia namba."

"Na ikizima?"

"Tutasukuma wote wawili."

"Wewe? Na hiyo mikono ya chaki?"

Mteremko wa kwanza alitoa gia, na namba ya betri kwenye kioo haikusogea. Wa pili aliiacha. Gari likapunguza kasi kana kwamba mtu amelishika mkia, naye akashtuka kidogo.

"Inanivuta nyuma."

"Iache. Usiguse breki kama hakuna sababu."

Namba ikapanda kwa moja. Tulipokaribia bonde ikapanda tena.

"Nani ameongeza?" akauliza.

"Mulima."

Alilipeleka gari pembeni, akasimama, akaegemea usukani akiitazama ile namba. Ng'ombe wa watu walipita mbele yetu wakiongozwa kunyweshwa.

"Kwa hiyo inajikamua yenyewe, halafu inajinywesha," akasema mwishowe.

"Ndivyo."

"Na ile siku batu banacheka, kosa ilikuwa miye."

"Ilikuwa mazoea ya gari ingine."

"Nilikuwa ninaokoa, shemeki."

"Najua. Mazutu."

Nimeifikiria sana dakika ile. Mkono wake haukuwa mjinga. Ulikuwa umejifunza kitu kilichomlisha yeye na watoto wake kwa miaka, na ukakibeba kuvuka mpaka pamoja naye, kama wengine walivyobeba mbegu au sufuria. Kitu hicho kilikuwa sahihi kwa injini ya kule. Hakuna aliyemwambia kwamba injini hii inataka kinyume chake. Muuzaji alimwonyesha redio tu. Wengi wetu tunaoanza upya ugenini tumeteleza hivyo, tukimwaga kwa bidii kile tunachodhani tunakihifadhi, na dawa yake mara nyingi ni mtu mmoja kukaa karibu nasi na kuangalia namba.

Siku ile tulifika nyumbani na betri ya asilimia kumi na kitu, bila kusukuma. Kesho yake aliacha gia kila mteremko, akarudi na karibu robo.

Jumapili, nje ya kanisa, nilikuwa nimejiandaa kueleza kwa namna isiyomtaja mtu. Sikupata nafasi. Shemeji alisimama kabla yangu.

"Mama," akamwambia Mama Prezida, "hii ndogo haina kosa. Miye nilikuwa ninamwaga umeme mu kila muteremko, nikifikiri ninauchunga. Nimeacha."

Mzee yule wa nyuma akauliza, "Na mukono ikisahau?"

"Mutaniwekea mutu pembeni wa kuipiga."

Mama Prezida hakucheka na wengine. Akanigeukia mimi. "Na siku za mvua? Jua likikosa?"

Swali lilikuwa zuri kuliko yangu yote. Tulilijibu pamoja: pikapu hii inahitaji kama yuniti thelathini kwa safari, na siku za mawingu ataichaji kidogo mjini wakati maziwa yanapimwa. Kubwa tusingeweza kulishibisha hata kwa jua kali. Sisemi kubwa ni baya. Watu wa kambi ya Oruchinga wanaopeleka maharage mpaka Masaka, mara moja kwa juma, na sola yao ina siku kadhaa za kulijaza, wangelichagua, wakalichaji huko kabla ya kurudi, na wasingekosea.

Mama Prezida aliwaza kidogo, akatoa simu, akamwambia mwenye lori kwamba hatutamhitaji. Kisha akamtazama Shemeji.

"Basi kesho utapakia. Na maziwa yasichelewe."

"Hayatachelewa, Mama."

Sasa ni zamu yako. Kabla hujachagua gari la umeme, pakia mzigo wako wa kila siku na uendeshe njia yako mwenyewe, kwenda na kurudi, ukiacha gia mahali pake kwenye kila mteremko. Gawa kilomita ulizokwenda kwa yuniti zilizotumika. Jibu hilo lizidishe kwa yuniti unazoweza kuchaji nyumbani kwa siku moja. Jibu la pili likiwa dogo kuliko kilomita za safari yako ya kila siku, usilinunue gari hilo. Jaribu gari jingine.