Bariah Amtafuta Baba wa Sura

Kijana aliyekuja kumposa Nurlin aliitwa Tamrin, fundi wa injini za mashua hapa hapa mjini kwetu Kota Belud. Mama wa binti, Bariah, alimpenda tangu siku ya kwanza. Aliyekataa ni Datu Kalimpo, kaka mkubwa wa marehemu baba yake Bariah, na kwetu sisi Wairanun mkubwa wa ukoo akikunja uso, posa imekwama.

"Sisi ni uzao wa manahodha," Kalimpo alisema mbele ya wageni. "Babu zetu walifanya biashara mpaka bandari ya Makassar. Hawa babu zao walikuwa watumwa. Damu haichanganywi hivihivi."

Mama yake Tamrin aliinuka, akachukua sahani zake za keki za wali, akaondoka bila kuaga. Nilikuwepo. Nauza samaki wakavu meza moja na Bariah sokoni kila Jumapili.

Kesho yake akaniambia, "Mimi huyo nahodha namtaka jina. Nataka nijue tuliuza nini huko, hata leo tutukane watu mbele ya watoto wao."

Tukaenda kwa Bibi Untai, dada wa babu yake mzaa baba. Bibi Untai hakujua kusoma, lakini nasaba ya ukoo alikuwa nayo kichwani. Alifumba macho akaanza kutaja: fulani mwana wa fulani, mpaka akafika, "...na mama yake ni Sura binti Abdullah."

"Abdullah gani?" Bariah akadakia. "Wengine wote umewataja mpaka babu zao. Huyu baba yake wa wapi?"

Bibi akafumbua macho. "Mwanangu, unajua anayeitwa binti Abdullah ni nani."

Tunajua. Ndilo jina la baba analopewa aliyesilimu, asiye na baba wa kutajwa.

"Alitekwa," Bibi Untai alisema. "Kule visiwa vya Visaya, ng'ambo ya bahari, alikuwa anafua nguo ufukweni. Babu yangu ndiye aliyemteka. Zile mashua za manahodha wetu hazikwenda kuuza nguo, zilikwenda kukamata watu. Walimtoboa kiganja, wakapitisha kamba ya henzerani, wakamfunga na wenzake. Wanaume waliwekwa kwenye makasia. Kina Tamrin ni wajukuu wa hao. Sura alikuwa bibi yangu, ndiye aliyenilea. Mkono uliokuwa unanilisha ulikuwa na kovu hapa katikati."

"Jina lake la kwao?"

"Alikataa kulitaja. Alisema hilo hawatalichukua."

Bariah hakulia. Alitoka moja kwa moja mpaka kwa Kalimpo, mimi namfuata mbiombio. Tulimkuta barazani na wazee wenzake wanakunywa kahawa.

"Baba mkubwa, Sura binti Abdullah alikuwa nani?"

Kalimpo akaweka kikombe chini. "Nani kakwambia?"

"Kumbe unajua!"

"Najua tangu mdogo. Ulitaka nitangaze msikitini? Zama zile kila mtu alifanya. Na Wazungu walichoma vijiji vyetu, wakatuita maharamia. Hilo huliulizi?"

"Wazungu wana kesi yao. Sura alimchomea nani kijiji? Msichana anafua nguo, mnamtoboa mkono, mnamzalisha, halafu mnamtukana mjukuu wa mwenzake eti mtumwa! Wewe mwenyewe ni kitukuu wa mateka, umekaa hapo na kilemba chako!"

Mzee mmoja akasema, "Binti, punguza sauti."

"Sauti ipunguzwe na nani? Mmepunguza miaka yote hiyo!"

Kalimpo alimfukuza, na akaapa kwamba vinganga vya ukoo, vinavyopigwa kila arusi yetu, havitatoka nyumbani kwake kwa ajili ya arusi ile. Havikutoka. Nurlin aliolewa na Tamrin, Asmali, mume mpole wa Bariah, akamsimamia binti yake kama walii wa ndoa, muziki ukatoka kwenye redio ya jirani. Lakini kwanza Bariah alikwenda peke yake kwa mama yake Tamrin kuomba radhi. Alikaa nje juani mpaka mlango ukafunguliwa.

Mwaka huu Kalimpo ameugua miguu. Bariah anampikia uji, tena mzuri, wa tui la nazi. Anayeupeleka ni Asmali. Mimi nilimwambia, nenda basi, mzee anakuulizia.

"Aniulizie," akasema, huku anakata kichwa cha samaki. "Kwanza aende kwa mama Tamrin."