Nyaya Nilizozigeuza Mwenyewe

"Mzee, hizi twita, spika ndogo ulizonifungia, zinalia kama mbu! Umeniharibia gari!"

Nilipayuka hivyo Jumatatu, kwenye karakana moja ya Ukunda, kwa sauti ileile ya midahalo ya chuoni. Wateja wawili wakawasha magari yao, wakaondoka.

Fundi alifungua krosova, kisanduku kinachozigawia spika sauti. Waya wa chanya ulikuwa penye hasi, umefungwa kwa plasta ya kidonda. Plasta yangu. Jumapili nilizichomoa nyaya nikisafisha gari, nikazirudisha mwenyewe.

Aliibandua, akazigeuza nyaya. Sauti ikanyooka.

"Niwie radhi, baba," nilinong'ona.

Akaelekeza bisibisi barabarani. "Na wale walioondoka, mwanangu, nani atawaambia?"

Wasomaji, ikiwa ni ninyi, rudini kwake. Kosa lilikuwa langu, na naona aibu.