Nilimsimamishia dada yangu vidonge ili nipime dawa nyekundu ya majani

Wakuu habarini. Nawaandikia kutoka Kicukiro, Kigali. Sitaongeza chumvi. Hii ingekuwa stori ya kutunga, ningekuwa napata usingizi.

Mimi nimekulia Bukoba, chuo nimesoma biolojia. Kila kitu nataka ushahidi, hadi kanisani wamenizoea.

Dada yangu mkubwa, Josiane, alikuwa na uvimbe kwenye kizazi. Kila mwezi alitokwa na damu nyingi mno. Hospitali walimwambia watampasua, ila kwanza kiwango cha damu kifike kumi. Wakampa vidonge vya kuongeza damu.

Vidonge vikamfungisha choo, akavichukia. Jirani akampeleka kwa mama mmoja pale Nyabugogo anayechemsha majani fulani, maji yake mekundu kabisa.

Hadi leo najiuliza kwa nini tunaamini kitu chekundu kinaongeza damu. Mbona hatunywi maziwa ili tuwe weupe?

Nilimcheka. Akanijibu, "Sha, ndugu yangu, wewe kila kitu ushahidi. Si umesomea? Nipime basi!"

Nikasema sawa, tupime kisomi. Ukinywa vyote viwili hatutajua kipi kimefanya kazi. Acha vidonge wiki tatu, kunywa majani peke yake, kila Jumatatu tunapima kwa rafiki yangu wa maabara.

Nilikuwa na uhakika namba itashuka kidogo, aone aibu, arudi kwenye vidonge.

Daktari hatukumwambia.

Tulianza na 7.4. Wiki ya kwanza 7.6. Ya pili 8.1. Ya tatu 8.7.

Josiane alinipigia makofi karibu na pua. "Profesa, sema umeshindwa!"

Nikasema nimeshindwa. Mtu mbishi kama mimi niliamini namba bila kumwangalia aliyetolewa damu. Macho yalikuwa yameingia ndani. Midomo imekauka. Gauni linapwaya.

Alhamisi akaanguka bafuni.

Hospitali daktari aliuliza ameharisha siku ngapi. Nikajibu kwa kujiamini kwamba hajaharisha.

Josiane akasema kwa sauti ndogo, "Wiki mbili sasa."

Alinificha. Aliogopa nitasimamisha kipimo wakati yeye anashinda.

Daktari akanieleza: mwili umekauka maji, damu imekuwa nzito, ndiyo maana namba ilipanda. Damu yenyewe ilikuwa inapungua tu. Walipomrudishia maji kwa dripu wakapima upya, ikasoma 4.1.

Wakaanza kumwongezea damu. Chupa ya pili haikuisha.

Kwenye mazishi kwetu huku mtu husimama kueleza ugonjwa wa marehemu. Nilichaguliwa mimi, msomi wa familia. Nikaeleza majani, nikaeleza kuharisha. Vidonge sikuvitaja.

Watu wakapata wa kumchukia. Yule mama hauzi tena Nyabugogo, ndugu zangu walimwendea wakamwaga masufuria yake. Mama yangu anamlaani kila akisali, kisha ananishukuru mimi kwa jinsi nilivyomhangaikia dada yangu.

Majani yalimharisha, sikatai. Lakini aliyemvua kinga yake ni mimi, na kisa ni ubishi.

Kesho familia inakaa kumaliza matanga. Nitapewa nafasi ya kusema. Nimeandika hapa kwanza nione kama naweza kuyatoa.

Nilichojifunza: ukiwa na mgonjwa, usimwondolee dawa ya hospitali ili upime nyingine, hata kama una digrii. Daktari ajue kila anachokunywa. Na namba ikipanda, mtazame na mtu mwenyewe.

Uwanja ni wenu wakuu. Matusi nitayasoma yote, nayastahili. Ila kama kuna aliyewahi kumwambia mama yake jambo la namna hii, naomba aniambie alianza na neno gani.