Sindano ya Kutungia Madanzi

Siku mbili kabla ya Mwaka Mpya, Markela alipoteza sindano, na tangu saa hiyo chakula hakikumpita kooni.

Haikuwa sindano ya nguo. Ilikuwa ile nene ya kutungia maganda ya madanzi. Pale Chios, kisiwa cha Ugiriki, hakuna anayekula danzi lenyewe, maana ni chungu kama shubiri; kinacholiwa ni ganda. Unaliparuza kidogo, unalikata vipande, kila kipande unakikunja kama mkeka na kukitunga kwenye uzi kabla hakijafunguka. Mikufu hiyo unaichemsha mara tatu, kila mara kwa maji mapya, mpaka uchungu uishe. Ndipo unapochomoa uzi na kuyazamisha maganda kwenye shira ya sukari. Markela aliifanya kazi hiyo miaka hamsini na miwili katika jiko lile lile, na wanawake wa mtaa walimwonea kijicho waziwazi.

Lakini mwaka huu hakutafuta sifa. Gesi ilikuwa imekutwa wazi jikoni kwake mara mbili, na bintiye Kaliroi akapiga simu kutoka Athens.

"Mama, nakuja Mwaka Mpya na Isidora. Nikikuta mambo yako sawa, utabaki. Nikikuta sivyo, tunaondoka wote, na sitaki tubishane."

"Njoo ule madanzi yangu kwanza, ndipo useme," Markela alimjibu.

Sasa shira ilikuwa imeiva, mtungi umejaa, na kikopo cha sindano kilikuwa kitupu. Alijaribu kukumbuka alipochomoa uzi wa mwisho, lakini hakukumbuka kitu. Huenda sindano ilibaki ndani ya ganda mojawapo. Akamimina maganda yote kwenye sinia na kuyaminya moja moja kwa vidole. Alipofika katikati, hakujua tena ni upande upi ameshauminya. Akaanza upya. Akasahau tena. Akakaa chini sakafuni, mikono ikinata shira, akalia.

Angeweza kumwaga yote, na mimi ningemwaga. Lakini madanzi ya bustanini kwake yalikuwa yamekwisha yote, na Kaliroi angeuliza yako wapi. Nyumba isiyokuwa na kijiko cha kitu kitamu kwa mgeni siku ya Mwaka Mpya, nani angeamini kuwa mwenyewe bado ana akili zake? Akayarudisha mtungini.

Siku yenyewe ikafika, na Kaliroi akawasili na bintiye Isidora. Alitoa visahani, vijiko na glasi za maji, kama inavyopasa. Alichagua maganda manne na kuyaminya mpaka shira ikachuruzika. Hayo alikuwa na hakika nayo. Jirani yake Stamata, aliyekuwa amekuja kusalimia, alimchungulia kutoka mlangoni.

"Mbona unayaminya hivyo, shoga? Umeficha dhahabu?"

"Nimeficha sumu, na la kwako ndilo lenye nyingi," Markela alisema, na Stamata akacheka.

Kaliroi alitia ganda kinywani, akafumba macho.

"Mama, mkono wako ni ule ule."

"Basi habari za Athens tumezimaliza?"

Kaliroi aliangalia jiko lililong'aa, akamwangalia mama yake. "Tumezimaliza," alisema. "Ukae kwako."

Markela alishika ukingo wa meza. Alijawa na furaha, na kwa kitambo hakumwangalia mtu. Alipoinua macho, mjukuu wake Isidora, mtoto wa miaka sita, alikuwa ameshaufungua mtungi mwenyewe. Ganda lilikuwa kwenye kijiko, na kinywa kiko wazi.

"Mwache ale, Mama, ni sikukuu," Kaliroi alisema.

Markela aliupiga mkono wa mtoto. Kijiko kikaruka, mtungi ukapinduka mezani, shira ikamwagika hadi kwenye gauni la mtoto. Isidora aliangua kilio.

"Sindano," Markela alisema. "Nadhani imo humo. Sijui. Nimeitafuta siku mbili na sikumbuki nilipoiweka. Sikumbuki kitu, mwanangu."

Stamata aliinamisha macho. Afadhali Kaliroi angefoka. Alipiga magoti tu, akampangusa mtoto shira, taratibu, mpaka gauni likawa halinati tena.

"Meli inaondoka leo jioni," alisema.

"Najua," Markela alijibu, akaenda kutafuta sanduku.

Walipokuwa mlangoni, Kaliroi alichukua koti ili amvalishe mama yake. Alimwondolea shali aliyoshinda nayo kwa ajili ya baridi, akainua ukosi wa sweta jeusi la ujane, alilolivaa kila siku, ili aunyooshe. Mkono wake ukasimama hapo. Nyuma ya ukosi sindano ilikuwa imechomekwa, na kipande cha uzi mweupe kikining'inia. Hapo ndipo Markela alipokuwa akiichomeka miaka yote hamsini na miwili, kila mikono yake ilipokuwa imelowa.

Kaliroi aliichomoa, akamwonyesha.

Markela aliitazama sana. Kisha akageuka kuangalia meza, ambapo maganda yalikuwa bado yamelala kwenye shira yao, hakuna aliyethubutu kuyagusa.

"Basi yalikuwa salama," alisema. "Yote. Mwite Isidora aje ale."

Kaliroi alimvalisha koti, akamfunga kitufe cha juu, akabeba sanduku.