Dawa ya Kifua, Dawa ya Uzazi

Atabo alisuka vikapu vya majani ya mikoma kule Kanamkemer, akaviuza sokoni Lodwar, na alicheka kwa sauti ambayo mawifi zake waliona haifai. Alizaa mara mbili, zote kwa kisu. Mtoto wa pili alipotoka amekufa, daktari alimwambia kizazi chake hakitastahimili mimba nyingine. Mumewe, Ejore, alisema daktari si Mungu, na msichana mmoja, Akoru, hawezi kuwa boma zima.

Ndipo Atabo akaanza kumeza vidonge vya kupanga uzazi. Lodwar mawifi wangemwona. Akavifuata Kakuma, kwenye zahanati ya kambi ya wakimbizi. Mhudumu pale alikuwa Adhar, mkimbizi wa Kidinka aliyezoea kununua vikapu vyake. Adhar alimpa pakiti za miezi kadhaa.

Mwaka 1995 akakohoa damu. Akapelekwa kwenye manyatta ya kifua kikuu, vibanda vilivyojengwa kando ya hospitali ili wafugaji wasihame na mifugo kabla dawa haijaisha. Kila asubuhi wagonjwa walipanga foleni, wakameza mbele ya muuguzi, Ekidor, kisha wakafungua midomo akague. Siku ya kwanza Ejore alisimama kando ya mkewe.

"Ejok, Mama Akoru," Ekidor akamsalimu. "Kuna dawa ingine unameza? Ya malaria? Ya kupanga uzazi?"

Foleni ikaangua kicheko.

"Mke wangu apange uzazi?" Ejore akasema. "Daktari, huyu hata vyombo hapangi!"

"Hakuna," Atabo akajibu.

Vidonge vyake alivichanganya na vitamini alizopewa pale. Kwa mara ya kwanza aliimeza siri yake mchana kweupe, mumewe akimshikia kikombe cha maji. Hakuruka hata siku moja.

Kikohozi kikapungua, mwili ukarudi. Damu ya mwezi ikakatika. Akadhani ni ugonjwa. Pakiti zilipokwisha, aliomba ruhusa akaenda Kakuma.

"Umenenepa, dada," Adhar akamtania. "Lodwar wanakulisha nini?"

"Dawa. Zile nyekundu za kifua, zinafanya mkojo kama soda ya machungwa."

Adhar akaacha kucheka. "Zile zinaua nguvu ya hivi vidonge. Ungeniambia, tungetafuta njia ingine." Akamshika tumbo. "Una mimba, dada."

Atabo alirudi Lodwar, akamsubiri Ekidor amalize kazi.

"Mbona hukusema dawa zinagombana?"

"Nilikuuliza, mama."

"Uliniuliza mbele ya mume wangu."

Ekidor akachukua faili lake. Akampeleka kwa daktari, naye akapangiwa siku ya kupasuliwa kabla uchungu haujaanza. Ejore alichinja mbuzi, akawalisha wagonjwa wote. "Dawa ya kifua imefungua tumbo!" aliwaambia, na Atabo akapokea pongezi zao moja moja, mkono wa kila mtu.

Akamaliza dawa, akaambiwa amepona, akarudi Kanamkemer kungoja siku yake. Uchungu haukuingoja. Kizazi kilipasuka kabla majirani hawajamfikisha hospitali kwa mkokoteni. Mtoto, wa kiume, hakulia.

Ejore alikuwa Lokitaung akitafuta mbuzi wa maziwa kwa ajili ya mzazi. Alifika na mbuzi huyo baada ya mazishi, akauliza kama ni kifua kilichomuua mkewe. Wakamwambia hapana, kifua kilikuwa kizima kabisa.