Nilivyofunga fungate kwa sababu ya mchele mweupe

Wakuu, salaam nyingi. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo marahaba hata kama hamjaniamkia.

Ninayoyaleta hapa ni kweli tupu. Yamenikuta mwenyewe, Bagamoyo, miaka ya 1880 na kitu, misafara ya pembe za ndovu ikiingia mjini kila mara. Msiniulize mtu wa zama zile nimepataje akaunti humu. Nilikuwa na shida kubwa kuliko hiyo.

Shida yenyewe ni choo.

Mie nilikuwa mshona kofia. Kazi ya kukaa kitako tangu asubuhi hadi alasiri, sindano mkononi. Kwetu ni Kiwangwa, Mkwere halisi, nimelelewa kwa ugali wa mtama uliosagwa na maganda yake, kunde na mlenda. Enzi hizo tumbo langu halikuwa na neno. Kila alfajiri mara moja, basi.

Nilipofika mjini nikajipa uungwana. Nikaanza kusema mtama ni chakula cha wapagazi. Mtu akinikaribisha ugali najishika tumbo: "Ahsante, mie na mtama hatupatani." Muongo mkubwa mimi!

Mara nikaposa. Binti anaitwa Mwanahawa, wa nyumba ya watu wenye adabu zao, na nilimpenda kwelikweli, hilo silifanyii mzaha. Mshenga alipokuja kuniuliza bwana harusi anakula nini, mdomo ukanitangulia: mchele mweupe, uliokobolewa ukatakata, na mkate laini wa ngano. Pumba nisizione hata kwa macho.

Kwa wasiojua fungate: bwana harusi anakaa siku saba ndani, nyumbani kwa mke, analishwa tu. Hatoki, hafanyi kazi. Anayewahudumia ni somo wa bibi harusi, yaani yule mama aliyemfunda. Wetu aliitwa Bi Fatu, jicho kali, mdomo haupumziki.

Ndoa ilikuwa Jumatatu. Jumanne asubuhi wali wa nazi, mchana wali, usiku mkate wa kumimina. Jumatano vilevile, na nyama juu. Jani la mboga hata moja hakuna. Maji nakunywa mafunda mawili tu, eti bwana harusi asionekane anakwenda uani kila saa.

Alhamisi tumbo gumu kama ngoma. Nachukua birika la maji, napita mbele ya wanawake wote jikoni, nakaa huko mpaka miguu inakufa ganzi, narudi na birika limejaa vilevile. Wanaona. Bora wangecheka.

Bi Fatu akaleta sinia la wali. Nikalitazama, jasho likanitoka.

"Baba, mbona huli?"

Jamani, mama wa watu yule, ningemwambiaje? Nikainamisha kichwa nikasema, "Nimefunga."

Nilimaanisha choo. Wallahi nilimaanisha choo.

Lakini ilikuwa Alhamisi, siku ya sunna. Bi Fatu akashika kifua: "Mashaallah! Bwana harusi, ndani ya fungate, kafunga!" Kabla sijafumbua mdomo ashafika uani, anatangaza.

Mwenye akili angesahihisha hapo hapo. Mie nikaona sifa tamu, nikanyamaza. Magharibi wakanifuturisha kwa nini? Vitumbua vya mchele, tambi, na wali. Na mchana kutwa sikugusa maji, maana mfungaji hanywi! Nilikuwa najikaza mwenyewe kwa mikono yangu.

Ijumaa nikafunga tena. Jumamosi tena. Majirani wakawa wanapita kusikia habari za mcha Mungu.

Jumamosi alasiri nikamkuta Mwanahawa ameelekea ukutani, analia bila sauti.

"Kama hunitaki sema," akaniambia. "Usijifiche nyuma ya saumu. Mwanamume gani anafunga fungate yake? Usiku unanipa mgongo, unaguna. Kesho namwambia mama, baba akudai talaka yangu."

Wakuu, niliogopa sijapata kuogopa vile. Mke anaondoka kwa sababu ya wali!

Nikapiga magoti. "Mwanahawa, sikufunga saumu. Nimefunga choo. Tangu Jumanne."

Akanitazama. Akajaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka mpaka Bi Fatu akabisha mlango kuuliza kulikoni.

"Kwenu ulikuwa unakula nini?" akaniuliza akijifuta machozi.

Nikasema yote. Kiwangwa, mtama, maganda, mlenda. Aibu ya hilo ilinishika kuliko ile ya choo.

"Na sie humu ndani wadhani twala nini?" akasema. "Mchele ule ni wako peke yako. Baba kauhangaikia mji mzima, kwa kuwa ulisema hupatani na mtama. Sie jikoni twala mtama na kunde, na leo umepikwa."

Akatoka, akarudi na ugali mwekundu, kunde, mlenda, na mtungi wa maji. Nikala kama niliyetoka kifungoni. Usiku ule, tumbo kimya. Jumapili nikala tena mlemle chumbani, Bi Fatu asijue, maji kata baada ya kata, nikawa natembea uani huku na huku. Nilivyouvamia mtama kwa pupa, nikajaa gesi kutwa nzima. Jumatatu alfajiri, siku ya saba, mambo yakajibu. Sisemi zaidi, humu kuna watu wanakula.

Bi Fatu akaja na uso wa ibada. "Baba, leo umefungua?"

"Nimefungua, Bi Fatu. Alhamdulillahi."

Mwanahawa nyuma yangu akaziba mdomo kwa ushungi.

Sasa somo, wakuu. Hiyo mnayoiita fiber, nyuzinyuzi, sie tuliita pumba na kuwamwagia kuku. Kuku wetu walikuwa na afya kuliko mimi. Nafaka ukiikoboa ikawa nyeupe pe, kile kinachosaidia choo kutoka kimebaki kwenye ungo. Kula mtama, ulezi, mahindi na maganda yake. Anza kidogokidogo, kunywa maji, inua makalio utembee. Hali ikizidi siku kadhaa, au ukiona damu, nenda kwa tabibu, usiende kwa Bi Fatu.

Lakini linaloniuma hadi leo si tumbo. Nilimwacha mke wangu alie nyumbani kwao, akidhani simtaki, ili tu nisijulikane nimekulia mtama. Na nyumba nzima walikuwa wanaula hatua kumi kutoka kitandani kwangu, wananificha mimi wasije wakanikwaza.

Haya, nicheke anayetaka. Ila kwanza aseme na yeye alidanganya nini ukweni.