Mioyo Mitatu ya Pweza

Harufu ya maranda ya msonobari yakiungua huwakumbusha wengi Mafinga kwa raha. Mimi hunikumbusha daftari nililolichoma.

Baba yangu alikuwa fundi seremala, na jioni mama akisonga ugali alikuwa na mchezo wake. "Haya, nani ataniambia nisilolijua?" Aliyemshangaza alikalia kigoda alichokichonga baba mwenyewe, ubavuni pake, mpaka chakula kiishe. Nilikuwa mtoto pekee, kwa hiyo kigoda kilikuwa changu. Hata nilipomwambia kuku wa jirani ametaga kwenye ndoo, alishangaa vizuri tu.

Ndipo akaja Atupele, binti wa mama mdogo, kutoka Chunya. Mama yake alikuwa amefariki, na kabla ya kwetu alikwisha kupitia nyumba tatu za ndugu. Alileta mfuko mmoja wa nguo na daftari alilobandika vipande vya magazeti ya kufungia maandazi, vile vyenye maajabu ya dunia.

"Baba mkubwa," alisema jioni ya kwanza, kwa sauti ndogo, "pweza ana mioyo mitatu."

Baba aliacha kuchochea moto. "Mwe! Mitatu? Yote ya nini?"

Kesho yake ikawa twiga, kwamba shingo yote ile ina mifupa saba tu, sawa na yetu. Kisha kipepeo, anayeonja chakula kwa miguu. Siku aliposema vita vifupi kuliko vyote vilipiganwa Zanzibar na havikufika saa moja, baba alicheka mpaka akakohoa. "Yaani maharage ya mama yenu yangekuwa bado mabichi!"

Mimi nilikuwa mkekani, nimenuna. Kigoda sasa kilikuwa chake. Nilimchukia twiga, nikamchukia kipepeo, na Atupele nikamchukia kwa mioyo yote mitatu.

Siku moja alipokwenda kuchota maji, nilichukua daftari lake, nikasoma ukurasa mmoja harakaharaka, kisha nikalitumbukiza kwenye jiko la maranda. Gundi yake ilinuka vibaya. Nikapepea moshi kwa sketi.

Jioni baba akauliza kama kawaida. Atupele alikwenda kupekua chini ya godoro, akarudi mikono mitupu, akainama.

"Mtoto mchanga ana mifupa mingi kuliko mtu mzima," nikasema.

Baba akacheka, akanivutia kigoda. Nilikula nikashiba, na sikumtazama Atupele hata mara moja.

Asubuhi tulimkuta mlangoni, amevaa viatu, mfuko mkononi.

"Mama mkubwa, gari la Mbeya linapita saa ngapi?"

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Jana sikuwa na kitu cha kumwambia baba mkubwa."

Mama alipiga magoti, akamvua viatu. Mimi nilimwona mjinga. Nani hufunga safari kwa sababu ya kigoda? Miaka ilipita kabla sijaelewa kwamba mimi ndiye niliyekuwa nagombea kigoda. Yeye, kila jioni, alikuwa akiomba kukaa kwetu siku moja zaidi.

Sasa Atupele ni mwalimu, Iringa mjini. Sijathubutu kumwambia habari za daftari. Na mpaka leo, akija kwangu, husimama kwanza mlangoni na mkoba wake, hajavua viatu, akaniambia jambo moja nisilolijua.